Maswali ya Wasomaji: Skauti Wanapoalikwa Kwenye Uwanja wa Ndege

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu na kiongozi wa skauti. Kampuni moja ya ndege imekubali kuwapokea skauti wetu wa ngazi za Chipukizi na Mwamba kwa siku nzima jijini Nairobi, ili wajionee shughuli za usafiri wa anga. Nimeona ziara za namna hii zikiishia kwenye picha ndani ya ndege na chupa ya soda. Niwaombe wenyeji wetu nini, na vijana niwaandae vipi?
– Kiongozi wa skauti, Nakuru

JIBU: Mwalimu, ombeni kwanza kwamba sehemu kubwa ya siku hiyo ipite karakanani, na sehemu ndogo tu ipite ndani ya ndege. Kiti cha rubani kinavutia, na picha zipigwe, maana kijana wa miaka 13 asiye na picha haaminiwi na wenzake. Lakini vitufe na saa za chumba cha rubani havimfundishi mengi mtu ambaye bado hajui kinachoifanya ndege iruke. Karakanani ndege husimama vifuniko vya injini vikiwa wazi, mabomba na nyaya zikionekana, na fundi anaweza kueleza kazi ya kila kimoja bila kuharakishwa na abiria wanaosubiri kupanda.

Mwombeni fundi huyo awafungulie sanduku lake la vifaa. Katika karakana nyingi za ndege kila spana na kila bisibisi ina nafasi yake iliyokatwa kwa umbo lake, ili kifaa kikikosekana pengo lionekane papo hapo, na fundi hafungi kifuniko wala hatii saini kitabu cha matengenezo kabla vifaa vyote havijarudi mahali pake. Skauti aliyezoea kukagua uwanja wa kambi kabla ya kuondoka, akiokota hata kijiti cha kiberiti, atalielewa jambo hili upesi kuliko mgeni mwingine yeyote. Wakubwa wa Mwamba wanaweza pia kusimuliwa mkasa wa Concorde, ndege ya abiria iendayo kasi kuliko sauti, uliotokea karibu na Paris mwezi Julai 2000: kipande chembamba cha titani, aina ya metali, kilichodondoka kutoka kwenye ndege nyingine kilipasua tairi yake wakati wa kuruka, vipande vya tairi vikalipiga tangi la mafuta, moto ukawaka, na watu 113 wakafariki, wanne kati yao wakiwa chini ardhini.

Hapo ndipo pa kuwaeleza kwa nini kofia, skafu na pete zake vitavuliwa kabla ya kufika kwenye maegesho ya ndege, kwani injini inayonguruma hufyonza chochote kilicholegea. Wavae vizibao vya kuakisi mwanga na wapewe vizibo vya masikio. Wenyeji wenu wanavyo. Visu vya skauti vibaki shuleni siku hiyo, hata kile kidogo cha kufungulia makopo, na majina ya wageni wote yapelekwe mapema kama yalivyo kwenye vitambulisho vyao, kwa sababu foleni ya ukaguzi wa usalama inaweza kuwamalizia asubuhi yote kwa ajili ya jina moja lililoandikwa vibaya.

Ombi la pili liwe ni kuizunguka ndege kwa miguu pamoja na rubani, kama afanyavyo yeye kabla ya safari. Awaonyeshe vijibomba vilivyochomoza karibu na pua ya ndege, ambavyo hupokea msukumo wa hewa na kuiwezesha ndege kupima mwendo wake. Ndege inapolala, vijibomba hivyo huvalishwa vifuniko vyenye utepe mwekundu mrefu ili asiyeviondoa kabla ya safari asiwe na kisingizio. Mwezi Februari 1996 ndege aina ya Boeing 757 ilianguka baharini baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, katika Jamhuri ya Dominika, na kuua watu wote 189 waliokuwamo. Wachunguzi walihitimisha kuwa kijibomba kimoja kilikuwa kimeziba, na walioshukiwa zaidi ni nyigu wajengao kwa udongo, kwa kuwa ndege hiyo ilikuwa imekaa siku kadhaa bila vifuniko. Kijana aliyesikia habari hiyo akiwa amesimama chini ya pua ya ndege hatausahau ule utepe.

Kuhusu maandalizi, fundisheni kabla ya safari nguvu nne zinazoishughulikia ndege, yaani uzito, mwinuko, msukumo wa injini na ukinzani wa hewa, kisha waachieni vijana swali moja la kwenda nalo. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Je, hilo linaibadilishia ndege nini? Mabawa na injini hupata hewa haba, kwa hiyo ndege yenye uzito uleule hulazimika kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kupaa, hasa mchana jua linapokuwa kali. Njia ya kurukia ya hapo ina urefu unaozidi kilomita 4. Mtu wa kuulizwa ni mpangaji wa safari, yule anayepiga hesabu za mafuta, mizigo na hali ya hewa ofisini, ambaye wageni hawapelekwi kwake kwa kuwa hana sare ya kuvutia. Msisitize apatikane, hata kwa nusu saa.

SWALI: Katika kikao cha wazazi mwenzetu mmoja alipinga skauti kupelekwa kwenye kampuni ya ndege, akisema kwamba uskauti ni kambi, moto na mafundo, na kwamba mambo ya ndege ni kuwatia watoto tamaa. Tumjibu nini?
– Mzazi, Nyeri

JIBU: Jibu liko katika familia ya mwanzilishi mwenyewe, aliyezikwa hapo kwenu Nyeri mwaka 1941. Robert Baden-Powell alikuwa na mdogo wake, Baden, ofisa wa jeshi la Uingereza ambaye mwaka 1894 alifaulu kumnyanyua mtu kutoka ardhini kwa tiara kubwa, miaka 9 kabla ya ndugu wawili Wamarekani, akina Wright, kurusha ndege yao yenye injini, na ambaye baadaye aliongoza chama cha wataalamu wa usafiri wa anga cha nchi hiyo. Mafundo nayo hayakuachwa nyuma: ndege ndogo zinazolala nje, kama zile za uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, hufungwa kwa kamba ardhini ili upepo usizipindue. Kwa watoto wa Sungura, ngazi ya skauti wadogo kabisa, ambao mimi binafsi nisingewapeleka karakanani, kuunda tiara na kuzirusha kwenye kiwanja cha shule kunatosha kabisa kwa kuanzia, mradi kiwanja hicho kiwe mbali na uwanja wa ndege.

SWALI: Binti yangu wa miaka 16 alirudi kutoka ziara ya skauti akisema atakuwa rubani. Anavaa miwani, na uwezo wetu wa karo si mkubwa. Je, nimkatishe tamaa mapema?
– Mama Mwamba, Thika

JIBU: La hasha, mama. Miwani peke yake haimzuii mtu kuwa rubani, mradi macho yafikie kiwango kinachotakiwa akiwa ameivaa na awe na miwani ya akiba anaporuka. Mpeleke mapema kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga kupima afya za marubani, kabla hamjalipa shilingi moja ya karo ya urubani, kwa sababu kasoro ya kutofautisha rangi, kwa mfano, ni bora igunduliwe sasa. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani binafsi hupatikana kuanzia miaka 17 na angalau saa 40 za kuruka. Ya biashara kuanzia miaka 18 na saa 200, au 150 kwa mafunzo ya mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Na ile ya juu, ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, huhitaji miaka 21 na saa 1,500. Ashike hisabati, fizikia na Kiingereza.

Gharama ni suala lisilofichika, kwa kuwa kila saa ya kuruka hulipiwa. Hata hivyo, urubani ni mlango mmoja tu. Chuo cha usafiri wa anga cha Embakasi huandaa waongoza ndege na wataalamu wengine wa sekta hii, na ufundi wa ndege ni kazi yenye heshima na leseni yake ya kimataifa. Iwapo bado atashikilia urubani, mwambie amfuatilie Kapteni Irene Koki Mutungi, Mkenya aliyekuwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa Boeing 787.

SWALI: Tulipotembelea uwanja wa ndege wa Moi hapa Mombasa tuliona namba 03 na 21 kwenye miisho ya njia ileile ya kurukia. Kwa nini zisiwe 1 na 2?
– Skauti wa Mwamba, Mombasa

JIBU: Namba hizo ni za dira. Ndege inayoanzia kwenye 03 huelekea takriban nyuzi 30 kutoka kaskazini ya sumaku, na inayoanzia mwisho wa pili huelekea nyuzi 210; nyuzi hukaribishwa kwenye kumi iliyo jirani, kisha sifuri ya mwisho hudondoshwa. Ndiyo maana namba za miisho miwili hupishana kwa 18 kila mahali duniani, nawe unaweza kuzihakiki kwa dira yako ukiwa nje ya uzio. Ndege hupenda kuruka na kutua zikiukabili upepo, kwa hiyo siku ambayo kaskazi inavuma kwa nguvu tazama zinaanzia upande wa 03, kisha urudi wakati wa kusi ulinganishe.