Pomboo wa Kizimkazi: Picha Zangu Zote Maji Matupu

SWALI: Asalam alaykum. Tulikwenda Kizimkazi na wanangu kuangalia pomboo, nahodha akawa anawafukuzia mbio na boti nyengine zinawazunguka, mie napiga picha kwa simu, kurudi nyumbani naangalia maji matupu na mkia mmoja umefifia. Tatizo simu au mimi? (Msomaji, Mwanakwerekwe)

JIBU: Waalaykum salaam dada. Si simu wala si wewe, tatizo ile mbio. Watafiti waliowafatilia pomboo hao hao wa kusini Unguja waliona boti za watalii zikiwakaribia wanapunguza kupumzika, kucheza na kula, wanabaki kusafiri tu, sasa aliyekimbia anakupa mgongo, utapata picha gani hapo?

Khasa mara nyengine panga na nahodha kabla hamjapanda, mwambie hutaki kufukuza. Boti iende taratibu ubavuni mwao, muelekee wanakoelekea, isiwakate mbele, halafu mashine itolewe gia na mngoje. Wakitaka wanakuja wenyewe, na hapo ndo picha. Mkiona mama na mtoto waacheni wapite.

Simu sasa. Usivute picha karibu kwa vidole (zoom), inaharibika, utakuja kuikata baadae. Shikilia kitufe zitoke mfululizo, na kama simu inakuruhusu kuweka spidi ya kupiga picha weka 1/1000 ya sekunde au kasi zaidi. Jua liwe mgongoni kwako, nenda asubuhi. Na macho yawe baharini sio kwenye kioo, akizama elekeza simu mbele kidogo ya pale alipozamia maana lazima arudi juu kuvuta pumzi. Msimu wa maleleji bahari inatulia, upepo wa kusi ukikaza boti inaruka na wewe unaruka nayo.

Utaona wa aina mbili, wale wa kawaida wanaozoea boti, na wengine wana nundu mgongoni, hao waoga, kaeni mbali nao zaidi.

Zamani pale pomboo walikuwa wakivuliwa wawe chambo cha papa, wakaachwa 1996, na ghuba ya Menai, ndo bahari ya hapo Kizimkazi, ikawa hifadhi 1997. Leo watu wa pale wanakula kwa pomboo aliye hai, kwa hiyo nahodha ukimuambia utamlipa vilevile hata asipofukuza, wengi watakusikiliza.

Watoto wakitaka kuruka majini nao mie nasema wabaki botini na majaketi yao, wanaona vizuri zaidi kutoka juu.