Maswali na Majibu: Vitegemezi vya Kisakinishi cha Debian

Maswali ya safari hii yote yanahusu debian-installer, programu inayosakinisha mfumo endeshi wa Debian, na vitegemezi, yaani vifurushi ambavyo kifurushi kingine hakifanyi kazi bila hivyo. Kisakinishi hiki hakiishi kwa vifurushi vya kawaida vya .deb. Kina vyake, .udeb, vilivyopunguzwa nyaraka na kila kisicho cha lazima, kwa sababu hufunguliwa ndani ya RAM. Vitegemezi vyake navyo hutafutwa miongoni mwa .udeb hizo hizo.

Nasakinisha kupitia mtandao. Mwezi uliopita ilikubali, leo naambiwa hakuna moduli za kerneli (vipande vinavyoongezwa kwenye kiini cha mfumo). Nini kimeharibika?

Hakuna kilichoharibika, matoleo yamepishana. Umewasha kerneli ya zamani, tuseme 6.1.0-9, na moduli zilizobaki, mfano `sata-modules-6.1.0-9-amd64-di`, kisakinishi huzifuata kwenye seva ya vifurushi vya Debian. Debian ikitoa kerneli mpya, za zamani huweza kuondolewa. Bonyeza Alt+F2, andika `uname -r` uone toleo la kerneli uliyowasha, ulinganishe na namba zilizoko kwenye seva. Kisha pakua upya `linux` (kerneli yenyewe) na `initrd.gz` (faili lenye kisakinishi, linalopakiwa kwenye RAM), zote mbili kutoka saraka moja. Wengi hubadilisha moja tu, na tatizo linabaki palepale.

Nimetengeneza udeb yangu. Inajengwa vizuri, lakini kisakinishi hakiipati maktaba inayoitegemea.

Fungua udeb kwa `dpkg -I` usome mstari wa Depends, unaotaja vitegemezi. Ukiona, kwa mfano, `libfoo1` badala ya `libfoo1-udeb`, umepata jibu: inadai kifurushi cha kawaida, ambacho kisakinishi hakikioni kabisa. Kosa liko upande wa maktaba. Kwenye `debian/rules` yake (faili la maelekezo ya kujenga), amri ya `dh_makeshlibs` ipewe `--add-udeb=libfoo1-udeb`, maktaba ijengwe upya, kisha na udeb yako. Usiandike jina kwa mkono kwenye Depends: jina baya, `libfoo1`, litabaki pembeni yake. Kama maktaba haina udeb kabisa, jiulize kwanza kama unaihitaji kweli. Kila maktaba unayoongeza inakula RAM ya mashine ndogo, na ni kazi nyingine ya kutunza miaka yote.

Naijaribuje kabla ya kuituma?

Ndani ya msimbo wa debian-installer, iweke kwenye `build/localudebs/`, ongeza jina lake kwenye orodha inayofaa ndani ya `build/pkg-lists/`, kisha endesha `make reallyclean` na `make build_netboot`. Ukiwa na `sources.list.udeb.local` yako mwenyewe (orodha ya mahali pa kuchukulia udeb), hakikisha ina mstari wa localudebs, la sivyo faili lako litarukwa.

Naweza kugandisha matoleo yote?

Ndiyo, kwa snapshot.debian.org, inayohifadhi hali ya vifurushi kwa tarehe na saa. Kwa sid, tawi la Debian linalobadilika kila mara, ongeza `[check-valid-until=no]` kwenye mstari wa chanzo, maana muda wa faili la Release, linaloorodhesha yaliyomo kwenye seva, umeshapita. Lakini kugandisha wakati wa kujenga ni nusu ya kazi: kisakinishi kikiwaka kitaenda kwenye seva ya leo. Elekeza `mirror/http/hostname` na `mirror/http/directory` za preseed (faili la majibu unayokipa kisakinishi mapema) kwenye tarehe ileile. Kwa mashine nyingi, weka nakala kwenye seva yako.

Nataka openssh-server, ya kuingia kwenye mashine kutoka mbali, iwepo baada ya kusakinisha. Niiongeze kwenye initrd?

Hapana. Hiyo ni ya mfumo uliosakinishwa; andika kwenye preseed: `d-i pkgsel/include string openssh-server`.