Ramani ya simu bila bando: maandalizi kabla ya kuingia vijijini Lindi na Mtwara

GPS haili bando. Simu hupokea mawimbi ya setelaiti moja kwa moja, na haihitaji mnara wala laini ili ijue ilipo. Kinachokula bando ni picha ya ramani, utafutaji wa majina na uchoraji wa njia. Hivyo vitatu vikiwa tayari ndani ya simu, ile nukta ya bluu itatembea porini Liwale kama inavyotembea Mtwara mjini. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika mapema, pale penye Wi-Fi au mtandao wa uhakika.

Chagua programu kulingana na kazi. Google Maps hukuruhusu kupakua eneo kwa kulizungushia kisanduku, lakini bila mtandao hukupa njia ya gari tu, si ya mguu wala baiskeli. Ramani hizo pia zina tarehe ya mwisho, zisipohuishwa zinakuishia. Kwa anayekwenda mashambani tunapendekeza Organic Maps au OsmAnd. Zote mbili hutumia data ya OpenStreetMap, ambayo watu wa kujitolea wamechora ndani yake hata vichochoro na njia za mguu. Organic Maps ni nyepesi na inafaa simu ya bei nafuu. OsmAnd ina mambo mengi zaidi, ila huchosha simu yenye memori ndogo. Acha nafasi ya GB 2 hivi kabla ya kuanza kupakua. Kama kazi yako iko kandokando ya mto Ruvuma, kuanzia Kilambo hadi Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja, pakua pia kaskazini mwa Msumbiji, la sivyo ng'ambo ya mto utaona patupu.

Ukimaliza, usiamini kwamba ramani imo. Washa hali ya ndege, zima Wi-Fi, kisha ifungue programu upya. Ivute ramani karibu mpaka uone njia ndogo za kijiji unachokwenda, tafuta jina lake, omba njia ya kwenda huko. Lolote likigoma, bado uko mjini na unaweza kurekebisha. Wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayowaangusha.

Majina yana shida yake. Utafutaji wa nje ya mtandao haukisii kama ule wa mtandaoni: herufi moja ikikosewa, unaweza usipate kitu. Tena majina yetu hujirudia. Andika Mnazi Mmoja ukiwa na maana ya njia panda ya Mingoyo, pale barabara ya Masasi inapochepuka, na unaweza kuletewa Dar es Salaam au Zanzibar. Dawa ni kuweka pini mapema katika kila sehemu muhimu: ofisi ya kijiji, ghala la AMCOS (ushirika wa wakulima), zahanati, kivuko, mahali pa mafuta. Pini zihifadhiwe kwenye faili la KML au GPX (aina za mafaili ya ramani), ili mwenzako azipokee kwa Bluetooth hata pasipo mtandao.

Ukipewa namba za mahali badala ya jina, kumbuka sisi tuko kusini mwa Ikweta. Mtwara mjini ni takriban -10.27, 40.18. Sahau alama ya kutoa, utajikuta Ethiopia. Zipindue namba bila kubadili alama, utaangukia Atlantiki, magharibi ya Ureno. Na usikubali tarakimu mbili tu baada ya nukta, maana kosa linaweza kufika nusu kilomita na zaidi. Nne hukufikisha ndani ya mita kumi na moja hivi, na zinatosha kuiona nyumba.

Nukta ikichelewa kutokea, usiizimezime simu. Penye mtandao, simu husaidiwa kujua setelaiti ziko wapi. Pasipo mtandao inasubiri setelaiti zenyewe ziieleze: taarifa za setelaiti moja huchukua sekunde 30 hivi, na orodha nzima dakika 12 na nusu. Simama pa wazi, mbali na miembe na mikorosho, uiache itulie. Afadhali zaidi ufungue ramani ukiwa bado stendi, nukta ikae sawa, ndipo uondoke.

Sasa njia yenyewe, na hapa ndipo tunapoomba umakini wenu wote. Programu hupima urefu na aina ya barabara kama ilivyochorwa. Haijui kama mvua ilinyesha jana. Kati ya Desemba na Aprili, barabara ya udongo mfinyanzi mweusi inayoonekana fupi inaweza kumeza gari mpaka ekseli. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata hata barabara kuu ya Dar es Salaam kuja Lindi, huko Kilwa, wakati ramani zilizokwisha pakuliwa zilionyesha njia nzima. Ukingo wa uwanda wa Makonde nao unadanganya: kutoka Newala kushuka bondeni Ruvuma, umbali wa vidole viwili kwenye kioo ni mteremko mkali wenye kona nyingi. Washa mistari ya mwinuko, ile inayoonyesha kimo cha ardhi. Ikibanana, huo ni ukuta. Kwenye kila njia panda isiyo na lami, muulize dereva wa boda wa hapo swali moja: daraja linapitika? Jibu lake lizidi ramani.

Chaji huisha haraka kwa sababu simu hutafuta minara isiyokuwepo. Hali ya ndege huizuia, na kwa simu nyingi GPS huendelea. Beba pawabenki ya mAh 10,000. Usiifunge simu kwenye usukani wa pikipiki juani, itapata joto, kioo kififie na chaji ikatae kuingia. Iweke mfukoni, usikilize maelekezo kwa spika ya sikioni. Sauti hiyo nayo hupakuliwa mapema.

Ukirekodi njia unayopita ili urudi nayo, iondoe kwanza programu kwenye orodha ya zinazobanwa kuokoa betri. Simu nyingi huizima kimyakimya kioo kikizimika, na rekodi hukatikia katikati. Karibu na Ruvuma zima pia data ya nje ya nchi (roaming): simu hunasa minara ya Msumbiji, ikala salio, na saa yake ikarudi nyuma kwa saa moja.