Nikiacha kokoro mimi peke yangu, kuna faida gani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni baharia kwenye mtumbwi wa kokoro, ule wavu wa kukokota hadi ufukweni, huku Ilemela, Ziwa Victoria. Najua kokoro limepigwa marufuku na linamaliza samaki. Lakini nikishuka leo, kesho tajiri mwenye mtumbwi anapata mwingine, na ziwa halitaona tofauti. Ustadhi mmoja alitutuliza kwa aya ya "jiangalieni nafsi zenu", akasema dunia hii ya mwisho haitengenezeki tena, mtu ashike swala zake. Nina watoto wanne na tajiri ananidai. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Hukumu unaijua mwenyewe, ndiyo maana umeuliza. Kuvuta kokoro haifai. Samaki ni halali, ila njia hiyo ina madhara kwa watu, na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru. Sato hutaga kwenye maji mafupi, na jike hubeba mayai na vifaranga kinywani. Kokoro hupita hapohapo likikomba kila kitu hadi ufukweni. Anayeivuta kamba ana fungu lake katika hilo, hata kama nyavu si zake.

Kilichoniuma ni jibu ulilopewa. Aya hiyo, Al-Maida 105, iliwahi kueleweka hivyo tangu zama za maswahaba, na Abubakar Swiddiq (r.a.) akasimama kuwaambia watu kwamba wanaisoma na kuiweka pasipo mahali pake. Akawakumbusha aliyoyasikia kwa Mtume: watu wakimwona dhalimu wasimzuie, Allah anakaribia kuwaenezea wote adhabu. Sasa leo mtu anaichukua aya iliyokwisha kufafanuliwa na Abubakar, anampa mvuvi maskini iwe mto wa kulalia! Na kuitaja Kiyama ndiyo ajabu zaidi. Katika Musnad ya Imam Ahmad, Mtume anasema Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda, aupande. Mche huo utamlisha nani? Hajaulizwa hilo. Ameambiwa apande.

Hadithi ya jahazi, ya abiria wa chini waliotaka kulitoboa, mmeizoea, sitairudia. Someni Al-Aaraf kuanzia aya ya 163, maana inawahusu wavuvi hasa. Mji ulikuwa kando ya bahari, watu wakakatazwa kuvua Jumamosi, wengine wakakiuka. Wengine wakawaonya. Kundi la tatu likawauliza waonyaji: mbona mnawaonya watu ambao Allah atawaangamiza? Hilo ndilo neno la ustadhi wako, limo ndani ya Qur'ani, na limejibiwa humohumo: ili tuwe na udhuru mbele ya Mola wenu, na huenda wakamcha. Waliokataza maovu wakaokolewa, waliodhulumu wakaadhibiwa. Kundi la tatu aya haikusema wameishia wapi, na wanachuoni wamekhitilafiana juu yao mpaka leo. Mimi nisingependa kuwa mtu ambaye wanachuoni wanabishania kama ameokoka.

Hesabu yako kwamba ziwa halitaona tofauti siibishii. Huenda ni kweli. Lakini hukukalifishwa ziwa zima, umekalifishwa mikono yako. Kila mmoja atamjia Mola wake Siku ya Kiyama peke yake (Maryam 95). Tajiri na mabaharia wenzako hawatakuwapo kukujibia.

Najua njaa ya watoto haisubiri hotuba, kwa hiyo usishuke kwa hasira ukabaki ufukweni mikono mitupu. Anza leo kutafuta nafasi kwenye mtumbwi wa dagaa au wa nyavu zinazoruhusiwa, na ukiipata usirudi nyuma. Mkeo mweleze mapema, maana fungu huenda likapungua. Tajiri mwendee faraghani, kwa adabu. Mwambie sababu ya kweli, usimsingizie ugonjwa. Wenzako waambie mara moja bila kuwatukana. BMU, yaani kikundi cha kusimamia uvuvi, ya mwaloni kwenu ikiitisha kikao, hudhuria useme unachokijua.

Deni halifutiki kwa kutubu, utalilipa. Lakini Al-Baqara 280 inamtaka mdai ampe muda aliye katika dhiki, na wenye madeni ni miongoni mwa wanaostahiki zaka (At-Tawba 60). Nenda kwa imamu wa msikiti wenu ukiwa umeandika kiasi unachodaiwa, umwombe akutane na tajiri pamoja nawe. Imamu akiona uzito, mpe jibu hili alisome.