Chanjo ya RSV: kwa nini anachomwa mama na si kichanga?

Mleta mada ameuliza hivi: kirusi cha RSV, kinachoshambulia njia ya hewa, kinajulikana tangu 1956 na ndicho kinachojaza wodi za watoto kwa bronkiolaiti (uvimbe wa njia ndogo za hewa) na nimonia, sasa ilikuwaje chanjo ikachelewa hadi 2023, tena ikaja ya kumchoma mjamzito badala ya mtoto? Mchangiaji aliyefuata akajibu kwamba ugonjwa unaoua watoto wa maskini hauna faida kwa makampuni.

Mkuu, hoja ya pesa si ya kubeza. Makadirio ya 2019 yalitoa vifo zaidi ya 100,000 vya watoto chini ya miaka 5 kwa mwaka, zaidi ya asilimia 95 vikiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu yao hawakuwa wamefikisha miezi 6. Lakini kilichokwamisha kazi karibu nusu karne kilitokea maabara, na usipokielewa hutaelewa kwa nini hata leo kichanga hachomwi.

Miaka ya 1960 Wamarekani walitengeneza chanjo ya RSV kwa njia iliyokuwa imefanikiwa kwa polio: otesha kirusi, kiue kwa formalini na joto, kishikamanishe na alumu (chumvi ya aluminiamu), choma kwenye msuli. Katika kundi moja la majaribio ya 1966 na 1967 walichanjwa watoto wachanga 31. Kirusi kilipopita, 20 kati yao waliambukizwa, 16 wakalazwa, 2 wakafariki. Kundi la kulinganisha la watoto 40, waliopewa chanjo ya parainfluenza (kirusi kingine cha njia ya hewa) iliyotengenezwa kwa njia hiyohiyo, waliambukizwa 21 na akalazwa mmoja tu. Yaani chanjo iliugeuza ugonjwa kuwa mkali zaidi.

Kilichoharibika ni nini? Watoto wale walikuwa na kingamwili nyingi, ila nyingi zilikuwa za kunata tu kwenye kirusi bila kukizuia kisiingie kwenye seli. Kingamwili ya namna hiyo ikikutana na kirusi kingi kwenye mapafu, viwili hivyo vinashikana, vinatuama kwenye tishu na kuwasha uvimbe. Juu ya hapo, kinga ya seli ilikuwa imeelekezwa upande unaofanana na wa pumu, kwa hiyo njia za hewa, ambazo kwa kichanga ni nyembamba mno, zikaziba.

Chanzo chake kiko kwenye protini F, ile ambayo kirusi hutumia kuunganisha utando wake na wa seli. Ina maumbo mawili: la kabla ya kuungana na la baada. Fikiria mtego uliotegwa na mtego uliokwisha kufyatuka. Formalini, joto, hata kukaa muda mrefu kwenye chupa, vyote vinaufyatua, na ukishafyatuka hautegeki tena. Sehemu ya juu kabisa ya protini, ile ambayo kingamwili kali huishambulia, ipo kwenye umbo lililotegwa pekee. Watoto wa 1966 walifundishwa kuutambua mtego uliofyatuka.

Umbo lililotegwa lilionekana kwa undani 2013, katika kazi ya Jason McLellan, Barney Graham, Peter Kwong na wenzao kwenye taasisi za afya za Marekani. Walilishika kwa kingamwili iitwayo D25, wakaona muundo wake, kisha wakalifunga lisifyatuke. Toleo lao la DS-Cav1 lina mabadiliko manne tu ya amino asidi, yaani vijenzi vya protini. Nafasi ya 155 na ya 290 ziliwekwa sisteini, amino asidi yenye salfa, zikaunda daraja la salfa linaloshika sehemu mbili pamoja. Ya 190 na ya 207 ziliwekwa amino asidi za kujaza uwazi ulioko ndani ili protini isipate nafasi ya kujikunja. Chanjo zilizofuata zimefunga F kwa mbinu za aina hiyo.

Kwa anayetengeneza chanjo hii, vipimo viwili havirukwi. Cha kwanza ni kuhakikisha umbo halijafyatuka: unapima mnato wa D25 siku ya kutengeneza, baada ya kukausha, na baada ya miezi kadhaa ya kuhifadhi. Wingi wa protini peke yake haukuambii kitu, kwa sababu protini iliyofyatuka nayo inahesabika.

Cha pili ni kipimo cha kuzuia, yaani kama kingamwili zinakizuia kirusi kisiingie kwenye seli. Seramu (maji ya damu yenye kingamwili) inapashwa nyuzi 56 kwa dakika 30 ili komplimenti (protini nyingine za kinga zilizomo) ife, inazimuliwa hatua kwa hatua, kila kiwango kinachanganywa na kirusi cha idadi inayojulikana na kukaa nyuzi 37 kwa saa moja, kisha kinamiminwa juu ya seli za HEp-2 au Vero, zinazooteshwa maabara. Baada ya siku kadhaa unahesabu madoa ya seli zilizoambukizwa na kutafuta uzimuaji unaoyapunguza kwa nusu. Majibu yakiyumba wiki hadi wiki, kabla ya kulaumu seramu kagua kirusi chenyewe. RSV ni dhaifu. Gandisha haraka pamoja na sukrosi, kwenye vichupa vidogo, nyuzi 80 chini ya sifuri, na kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu.

Kuna mtego mwingine kwenye majaribio ya panya wa pamba, wanaotumika kuangalia kama chanjo itazidisha ugonjwa. Kama chanjo na kirusi cha kuwaambukizia vyote vimeoteshwa kwenye seli za aina moja, mnyama anaweza kuvimba mapafu kwa kuzikataa protini za seli hizo, ukadhani ni RSV. Ni lazima kuwe na kundi lililochanjwa kwa mabaki ya seli yasiyo na kirusi.

Sasa kwa nini mama? Anayehatarishwa na chanjo mbaya ni yule ambaye kinga yake haijawahi kukutana na RSV. Mtu mzima ameshaugua mara kadhaa tangu utotoni, kumbukumbu yake imejengwa na kirusi halisi, na chanjo ya protini inaiamsha tu. Kingamwili za aina ya IgG zinavuka kondo la nyuma kwenda kwa mtoto. Na hesabu ya muda nayo inaamua: watoto wengi wanalazwa wakiwa na umri wa miezi 2 au 3, ilhali chanjo za kichanga kwa ratiba yetu ni wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ukisubiri dozi ya mwisho ifanye kazi, kipindi kibaya zaidi kimeshapita.

Chanjo ya mjamzito iliyoidhinishwa 2023, Abrysvo ya kampuni ya Pfizer, ina mikrogramu 120 za F iliyofungwa, nusu ya RSV A na nusu ya RSV B, yaani aina mbili za kirusi hiki, bila kiongeza nguvu. Jaribio lake lilihusisha wajawazito zaidi ya 7,000 katika nchi 18. Ndani ya siku 90 za mwanzo, ugonjwa mkali wa mapafu ulipatikana kwa watoto 6 upande wa chanjo na 33 upande wa sindano isiyo na chanjo, yaani kinga ya asilimia 81.8. Kufikia siku 180 ilishuka hadi 69.4, kwa kuwa kingamwili za mama huisha taratibu na mtoto hatengenezi nyingine.

Hapa niseme wazi, maana kuna watu wanalificha: suala la watoto njiti lipo. Kampuni nyingine, GSK, walisimamisha jaribio lao la mjamzito 2022 baada ya kuona uzazi wa kabla ya wakati asilimia 6.8 kwa waliochanjwa dhidi ya 4.9 kwa wasiochanjwa, na tofauti ilikuwa zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa Pfizer ilikuwa 5.7 dhidi ya 4.7, pengo ambalo kitakwimu halikuthibitika. Ndiyo maana Marekani wanachanja wiki ya 32 hadi 36, na Shirika la Afya Duniani linashauri kuanzia wiki ya 28. Kwangu ni tahadhari sahihi, na kwa mazingira yetu ufuatiliaji wa tarehe za mimba lazima uwe wa uhakika kuliko kuuliza tu hedhi ya mwisho.

Kliniki, mambo ya kuangalia ni haya. Chupa ikae nyuzi 2 hadi 8, isigande. Ikishachanganywa na maji yake itumike ndani ya saa 4. Dozi ni nusu mililita kwenye msuli wa bega. Mama akijifungua kabla ya siku 14 kupita, mtoto ahesabiwe kama hajakingwa. VVU na malaria ya kondo hupunguza kingamwili zinazovuka, hivyo chandarua na dawa za kuzuia malaria ni sehemu ya chanjo hii pia.

Mtoto ambaye mama hakuchanjwa anaweza kupewa nirsevimab, miligramu 50 akiwa chini ya kilo 5 na 100 akiwa na kilo 5 au zaidi. Hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa tayari, kwa hiyo haiwezi kuifundisha kinga vibaya.

Kumchanja kichanga mwenyewe bado ni kugumu. Jaribio la chanjo ya mRNA (inayoupa mwili maelekezo ya kutengeneza protini yenyewe) kwa watoto lilisimamishwa 2024 baada ya ugonjwa mkali kuonekana zaidi kwa waliochanjwa, ingawa ilibeba F iliyofungwa. Njia ninayoiamini zaidi ni ya matone ya puani yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, kwani kinafundisha kinga kwa njia ya maambukizi halisi. Kazi ngumu ni kupima udhoofu: kikidhoofika mno hakiachi kinga, kikibaki na nguvu kinaziba pua ya mtoto anayenyonya na kutegemea pua hiyo kupumua. Wanaokitengeneza sasa wanaondoa jeni nzima, kama NS2, badala ya kubadilisha herufi moja moja za jeni, kwa sababu herufi moja kirusi huirudisha. Utafiti wa kaya za Kilifi, Kenya, ulionyesha kwamba kaka na dada wakubwa, hasa wanaosoma, ndio wanaokileta nyumbani mara nyingi, hivyo matone hayo yakifaulu kwa mtoto mkubwa kidogo yatamkinga hata kichanga ambaye hajaguswa na sindano.