Kompyuta mpya imegoma kuwaka: maswali yenu na majibu ya mafundi

SWALI: Nimeunganisha kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza: prosesa ya Ryzen 5 5600, madabodi ya B450, vipande viwili vya RAM vya GB 8, pawa saplai ya wati 550 na kadi ya grafiksi ya mtumba. Nikibonyeza kitufe, kimya: feni hazizunguki, taa hakuna, hata mlio hakuna. Dukani wanasema madabodi imekufa, ninunue nyingine. Nifanyeje kabla sijatoa hela tena?
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Usinunue kitu bado. Kusema madabodi imekufa ni rahisi kwa muuzaji, kwa kuwa hailazimu kupima chochote. Kompyuta iliyo kimya kabisa ina nafuu kuliko inayowaka nusunusu: kutoka ukutani hadi kwenye kitufe umeme unapita vituo vichache, na kila kituo kinapimika.

Anzia ukutani. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile uone kama inachaji. Waya wa pawa ujaribu kwa ule wa monita, kwani mara nyingi ni wa aina moja, na plagi ya miguu mitatu bapa ina fyuzi ndani ambayo huungua bila kuacha alama nje. Swichi iliyo nyuma ya pawa saplai iwe imelalia upande wa I, si wa O. Kama pawa saplai ni ya zamani, tazama pia kama ina kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 na wewe ukachomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, hutasikia ila mshindo mmoja, na kifaa hicho ndiyo basi tena.

Sasa fungua kasha uangalie madabodi yenyewe. Nyingi zina kitaa kinachowaka mara tu umeme unapofika, hata kabla ya kubonyeza kitufe. Kikiwaka, ujue umeme wa akiba wa volti 5 umefika. Kisipowaka, au madabodi yako haina kitaa hicho, chukua malitimita (kifaa cha kupimia umeme), iweke kwenye volti za DC kipimo cha 20. Plagi kubwa ya pini 24 iache imechomekwa kwenye madabodi. Ncha nyeusi iguse chuma cha kasha la pawa saplai, na ncha nyekundu uipenyeze kwa nyuma ya plagi hadi iguse chuma cha waya wa zambarau, ambao ni pini namba 9. Usomaji uwe kati ya 4.75 na 5.25. Ukipata sifuri, chomoa plagi hiyo kwenye madabodi upime tena. Ikibaki sifuri, pawa saplai ni mbovu. Volti 5 zikirudi, kuna kitu upande wa madabodi kinachozivuta chini.

Volti 5 zikiwapo, mtuhumiwa wa kwanza ni kitufe, na hapa ndipo wanaounganisha kwa mara ya kwanza hukwama zaidi. Waya mwembamba wa kitufe una maandishi POWER SW, na jirani yake kuna POWER LED. Watu huzibadilisha, au huchomeka pini moja kando. Kwenye madabodi nyingi za sasa kituo cha nyaya hizo kina pini 9 katika safu mbili: safu moja ina pini 5, nyingine ina 4 na pengo mwishoni. Kitufe ni zile pini 2 zilizo jirani na pengo, katika safu yenye pini 4. Hakikisha na kitabu cha madabodi yako, kisha chomoa waya wa kitufe na ugusanishe pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi bapa kwa sekunde moja, uachie. Kompyuta ikiwaka, madabodi ni nzima, na kilichobaki ni kitufe cha kasha au jinsi waya wake ulivyochomekwa. Kitufe hakina chanya wala hasi. Taa ndizo zinazo, na zikigeuzwa hazipati madhara, haziwaki tu.

Bado kimya? Kipimo kifuatacho ndicho kitakachomaliza ubishi wenu na muuzaji. Waya wa kijani, pini namba 16, ndio unaobeba amri ya kuwaka. Weka ncha nyekundu juu yake huku mwenzako akibonyeza kitufe. Kabla ya kubonyeza usome zaidi ya volti 2, kwa kawaida 3 hadi 5. Kikibonyezwa, ushuke hadi karibu na sifuri.

Ukishuka na pawa saplai isiamke, madabodi imetimiza wajibu wake: ama pawa saplai ni mbovu, ama imejizima yenyewe baada ya kuhisi shoti. Usiposhuka kabisa, na umekwisha kugusanisha pini kwa bisibisi, hapo ndipo shaka inahamia kwenye madabodi. Kabla ya kuihukumu zima ukutani, toa betri ya CR2032 kwa dakika 5, ipime (iwe karibu na volti 3), uirudishe na ujaribu tena.

Pawa saplai inaweza pia kupimwa ikiwa peke yake. Ichomoe kwenye vifaa vyote, izime kwa swichi yake, pinda klipu ya karatasi iwe kama herufi U, uunganishe pini ya waya wa kijani na ya waya mweusi ulio jirani, kisha washa. Nyaya zote zikiwa nyeusi, fuata namba kwenye mchoro wa kitabu: pini 15 na 17, zinazopakana na 16, zote ni za ardhi. Feni isipozunguka usikate tamaa, kwani zipo pawa saplai ambazo feni hutulia hadi joto lipande. Pima volti: njano 11.40 hadi 12.60, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Kasha la pawa saplai lenyewe usilifungue hata kama plagi imechomolewa. Ndani mna kapasita zinazotunza volti zaidi ya 300.

SWALI: Yangu feni zinazunguka nusu sekunde zinasimama. Nikibonyeza tena haifanyi kitu, mpaka nizime ukutani kwanza. Ni pawa saplai ndogo?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Wati zikipungua, kwa kawaida kompyuta huzima ukiwa kwenye mchezo mzito, wala si katika nusu sekunde ya kwanza. Dalili uliyoeleza ni ya shoti. Pawa saplai imehisi mkondo usio wa kawaida ikajifunga, na haifunguki mpaka ikatiwe umeme. Ndiyo maana kila unapojaribu upya inabidi uzime ukutani na usubiri kama dakika moja.

Angalia kwanza plagi ya prosesa, ile ya pini 8 iliyo kwenye kona ya juu ya madabodi. Waya wake umegawanyika 4 na 4, na wa kadi ya grafiksi umegawanyika 6 na 2. Zinafanana kwa mbali, lakini volti 12 na ardhi zimepangwa kinyume. Aliyelazimisha wa kadi uingie kwenye prosesa ametengeneza shoti kwa mkono wake. Plagi ikihitaji nguvu kuingia, iangalie upya.

Kisha toa madabodi nje ya kasha. Najua inauma baada ya kupanga nyaya zote vizuri, lakini ndiyo njia ya haraka. Ilaze juu ya boksi lake la karatasi ngumu, si juu ya mfuko wake wa kijivu unaong'aa, kwa sababu upande wa nje wa mifuko hiyo unaweza kupitisha umeme. Bakiza prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM katika nafasi ya pili kutoka kwenye prosesa, plagi ya pini 24 na ya pini 8. SSD (diski ya kuhifadhia data), kadi ya grafiksi na nyaya za mbele ya kasha zote ziondoe. Washa kwa bisibisi.

Ikizunguka bila kusimama, shoti imebaki kwenye kasha au kwenye kimojawapo cha vitu ulivyoondoa. Kagua bati la nyuma ya madabodi: viguzo vya rangi ya dhahabu viwepo tu pale penye tundu la skrubu. Kasha huja na viguzo vya madabodi za ukubwa tofauti, na kimoja kilichosahaulika katikati huchoma mgongo wa madabodi ndogo pale penye risasi za solda. Tazama pia vile vimidomo vya bati la matundu ya nyuma. Kimoja kikipinda na kuingia ndani ya tundu la USB, kinagusa volti 5. Kisha pini za USB za mbele, hasa ile plagi nene ya bluu yenye pini 19, ambazo hupinda kama nyasi ukiisukuma upande. Baada ya hapo rudisha kifaa kimoja kimoja, ukizima ukutani kila mara.

Ikisimama vilevile hata juu ya boksi, toa prosesa. Kwa soketi ya prosesa ya AM4 (ya AMD, kama ya Ryzen 5 5600) pini ziko kwenye prosesa. Kwa AM5 (soketi mpya zaidi ya AMD) na Intel ziko kwenye soketi. Zitazame kwa taa ya simu ukiinamisha kichwa: mistari inyooke pande zote. Pini iliyolala ya AM4 hunyooshwa taratibu kwa ncha ya kadi ya benki. Za kwenye soketi ni nyembamba mno, mpelekee fundi mwenye hadubini. Mwisho, umeme ukiwa umechomolewa, weka malitimita kwenye kipimo cha mlio, upime kati ya tundu la volti 12 la plagi ya prosesa kwenye madabodi na ardhi. Mlio usiokatika maana yake vipande vya kusambaza umeme wa prosesa vimeungua, na hapo tunakubali: madabodi ni ya kubadilisha.

SWALI: Feni na taa zote zinawaka lakini skrini ni nyeusi. Fundi wa mtaani anasema ni tatizo lilelile la kutowaka.
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Silo. Umeme upo, kinachokosekana ni picha. Kwanza, HDMI umeichomeka wapi? Ryzen 5 5600 haina grafiksi ndani yake (5600G ndiyo inayo), na Intel zenye herufi F mwishoni vilevile hazina. Kwa prosesa hizo tundu la HDMI la madabodi halitoi kitu. Chomeka kwenye kadi, na kadi nayo ipewe waya wake wa umeme.

Pili, plagi ya pini 8 ya prosesa. Ikisahaulika, madabodi nyingi huzungusha feni kana kwamba mambo ni shwari. Tatu, RAM: ichomoe, irudishe hadi usikie inabana, jaribu kipande kimoja kimoja.

Nne ni la wenye B450 kama mwenzetu wa Mwanza. Madabodi hizo zilitoka 2018, na Ryzen za mfululizo wa 5000 zilianza kutoka mwishoni mwa 2020. Iliyokaa stoo muda mrefu ina BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya madabodi) isiyoijua prosesa yako. Kama nyuma kuna kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi, weka faili lake kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, ulipe jina linalotajwa kwenye kitabu, ubonyeze kitufe na usubiri taa imalize kumeta. Kama hakuna, azima prosesa ya zamani inayokubaliwa na madabodi hiyo. Na wenye AM5 na RAM ya DDR5: mara ya kwanza mashine inaweza kukaa gizani dakika kadhaa ikiipima RAM. Iacheni dakika 15 kabla ya kugusa kitu.

SWALI: Nimetoa madabodi ya Dell Optiplex 9020 nikaiweka kwenye kasha la kawaida. Plagi ya pini 24 haiingii popote.
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Haitaingia. Madabodi hiyo inatumia pini 8 za mpangilio wa Dell, na kitufe chake cha mbele nacho kina plagi yake. Tafuta adapta ya 24 kwenda 8 iliyoandikwa modeli yako, na usichukue ya HP, ambayo ina pini 6 na mpangilio mwingine. Kitufe na waya wake vihamishe kutoka kasha la zamani. Ikiwaka, huenda ikalalamika kuhusu feni na kukutaka ubonyeze F1. Hiyo si hitilafu. Kama ni kasha tu lililokuchosha, rudisha pawa saplai yake ya asili, utaokoa hela ya adapta.

SWALI: Nimebadilisha pawa saplai ila nyaya nimeacha zile za zamani kwa kuwa zilikuwa zimeshapangwa. Kompyuta haiwaki na SSD imetoa harufu.
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Upande wa vifaa plagi ni sanifu, lakini upande wa pawa saplai kila kampuni hupanga pini zake itakavyo, wakati mwingine hata modeli mbili za kampuni moja hutofautiana. Plagi inaingia vizuri, na volti 12 zinakwenda palipotarajiwa volti 5. Chomoa nyaya zote za zamani, tumia zilizokuja na pawa saplai mpya tu, uwashe bila SSD wala diski yoyote. Kuna uwezekano mzuri madabodi imepona, kwa sababu waya uliounguza SSD haupiti kwake. SSD yenyewe usiichomeke tena kwenye kompyuta. Kama ina data unayoihitaji, ipeleke kwa fundi abadilishe kipande cha kinga kilicho karibu na plagi ya umeme. Mara nyingi ndicho kinachoungua kwanza.