Aliniuliza ilianza saa ngapi, sikuwa na jibu

Juzi usiku dada mmoja kaniandikia inboksi, saa tano na robo: "Da, mama mkono wa kulia umekufa ganzi tangu mchana na anaongea kama amelewa, tumemchua na mafuta ya habasoda, nimpe dawa gani tena?" Sikujibu kwa kuandika, nilipiga. Nikamwambia acha kuchua, tafuta gari sasa hivi. Akawa ananiambia kesho asubuhi, nikamfokea, nisamehe mdogo wangu kama unasoma hapa. Wakaenda, kipimo kimeonyesha ni kiharusi, mama yake yupo wodini. Na mimi tangu siku hiyo usingizi umegoma maana hiyo "kesho asubuhi" niliwahi kuisema mimi.

Wengi mnanifuata hapa kwa ajili ya habari za duka, jinsi nilivyoanza kwa mtaji wa kuungaunga hadi nikamjengea mama nyumba Tanga. Najua na nyie ndo mnachokitafuta, nani humu hataki kumjengea mama? Basi mimi nilijenga. Vigae, madirisha ya aluminiamu, tangi la maji juu. Mashine ya kupimia presha sikununua. Mama ana presha miaka na miaka, dawa anameza akikumbuka au kichwa kikimgonga, na mimi kwenye simu nilikuwa nasema "mama meza dawa bwana" halafu nakata naendelea na mizigo.

Siku kiharusi kilipompata mama yangu nilikuwepo, ndo kinachoniuma. Amekaa kwenye mkeka anakunywa uji wa mchele, kijiko kikamponyoka. Hakukiokota, alikiangalia tu kama siyo chake. Uji unamtoka upande mmoja wa mdomo unadondokea kwenye kanga na wala hana habari. Nikamuuliza mama vipi, akajibu kitu maneno yanaburuzika, na mimi jamani nilicheka. Mama ni mtu wa utani, nikajua ananiigizia yule jirani yetu mlevi.

Kaka akasema presha imepanda, akampa vidonge viwili badala ya kimoja, vikamkwama kooni akapaliwa. Shangazi akasema huo ni upepo mbaya umempitia, aitwe mtu amsomee. Simlaumu shangazi, kwetu pwani mtu akipinda mdomo ghafla hilo ndo neno la kwanza kutoka. Mimi niliyesoma ndo nilitakiwa kusema hapana, nikamtandikia godoro apumzike! Alasiri tukaenda zahanati, wakamtundikia dripu wakasema mwacheni alale mtamleta kesho. Na sisi tukashukuru.

Hospitali kubwa tulifika kesho yake. Daktari kijana kabisa, swali lake la kwanza: "Mara ya mwisho kumuona mzima ilikuwa saa ngapi?" Tukaangaliana. Kaka anasema asubuhi, shangazi anasema baada ya swala, mimi nakumbuka uji ulikuwa bado wa moto. Hakuna aliyeangalia saa.

Baadaye akanieleza. Kiharusi kipo cha mshipa wa ubongo kuziba na kipo cha mshipa kupasuka damu ikavuja, na kwa macho huwezi kuvitofautisha, mpaka CT skani, ile mashine ya kupiga picha ya ndani ya kichwa. Cha kuziba kina dawa ya kuyeyusha lile bonge la damu, lakini inatolewa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, na mtu akiamka nacho muda unahesabiwa tangu mara ya mwisho alipoonekana mzima, siyo tangu alipoamka. Sisi tulikuwa tumekula siku nzima na usiku wake.

Kwa hiyo wadau, saa. Mtu akibadilika ghafla, cha kwanza angalia saa. Halafu mwambie acheke uone kama mdomo umeenda upande, ainue mikono yote miwili uone kama mmoja unashuka wenyewe, aseme "haba na haba hujaza kibaba" usikie ulimi. Moja tu likikataa, gari. Hata kuona giza jicho moja ghafla, kuyumba, au kichwa kuuma vibaya kuliko siku zote, gari. Na dalili zikiisha zenyewe baada ya dakika kumi usiseme alhamdulillah mkalala, nendeni hivyo hivyo, hiyo inaweza kuwa hodi ya kiharusi kikubwa kinachokuja. Usimpe maji wala chakula wala kidonge chochote, koo linaweza kuwa halifanyi kazi. Aspirini pia hapana, ikiwa ni damu inavuja unaiongezea. Na ile meseji ya WhatsApp ya kutoboa vidole kwa sindano damu itoke, naombeni muifute, mnaosambaza mnaua watu. Na mkiwa njiani mmoja wenu apige simu aulize wapi CT inafanya kazi, maana siyo kila hospitali inayo, na ya kwenu inaweza kuwa mbovu siku hiyo hiyo. Nasema tena, saa.

Mwezi uliopita nipo dukani Dar, mzee mmoja mteja wangu wa siku nyingi anahesabu hela kaunta, noti zikaanza kumtoka mkono wa kushoto moja moja. Nikamwambia mzee hebu cheka. Akacheka nusu. Inua mikono, wa kushoto ukarudi chini. Haba na haba, ikatoka kama ana kitumbua mdomoni. Nikageuka kuangalia saa ya ukutani, saa nne na dakika kumi, nikaiandika kiganjani kwa maka peni. Watu wanasema aletewe soda, sukari imeshuka, nikawaambia sukari watampima hukohuko, nikampakia kwenye kirikuu ya mizigo na mifuko ya simenti ikiwa bado nyuma. Nesi alipouliza ilianza saa ngapi nilimfungulia kiganja. Kabla ya adhuhuri alishapigwa picha na matibabu yameanza. Sijisifu, au ngoja, najisifu kidogo, hii nimeilipia.

Wiki iliyopita kaja mwenyewe dukani, anaburuza mguu kidogo, anadai chenji yake ya siku ile, elfu tatu. Nikampa. Jioni nikapiga Tanga nimsimulie mama, kaka akamwekea simu sikioni. Mama amebakiwa na neno moja tu linalotoka vizuri, ni "haya". Nilisimulia yote, noti, kirikuu, kiganja, na yeye kila nikinyamaza anasema haya, haya mpaka salio likaisha.